Gari Lililokula Kundi la Baba

Baba alinunua gari kama anavyonunua ngamia. Alilizunguka, akaligonga ubavuni kwa kiganja, akafungua milango yote na kuifunga, kisha akamwambia mwenye gari aliwashe, ili asikie linavyopumua. Lilipumua kwa mluzi. Ukikanyaga mafuta mluzi ulipanda kama birika linalochemka, na baba akatabasamu. Aliniambia baadaye kwamba mnyama anayepumua hivyo ana kifua. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Garissa na magari siyajui, lakini nilijiuliza kwa nini mji mzima unaendesha magari ya kubebea mizigo, halafu sisi tunaletewa gari dogo la saluni, jeupe, la turbo, lililozeeka, na tumbo lake linakaribia kugusa mchanga.

Mvua ilikuwa imekosa msimu baada ya msimu. Njiani kwenda Balambala mizoga ililala pande zote mbili, na baba, ambaye maisha yake yote alikuwa mchungaji na hakuwa kingine, aliamua kuuza ngamia wake wangali na nyama mgongoni. Wenzake walisubiri mawingu. Yeye alijiona mjanja. "Gari halifi kwa kiu," alimwambia mama. Angelikodisha kwa harusi, angepeleka wagonjwa hospitali, na mvua ikirudi angenunua kundi jipya.

Mama hakubisha. Alibaki na ngamia wake mmoja jike, aliyepewa na babu siku ya harusi yake. Kwetu mnyama wa namna hiyo ni wa mke, na mume hamgusi bila ruhusa. Maziwa yake mama aliyauza sokoni asubuhi, na yaliyobaki ndiyo yaliyokuwa chai yetu.

Basi ule mluzi ulikuwa ugonjwa. Fundi aliinua boneti, akachomoa paipu moja, akamwonyesha baba oili mahali ambapo hapakupaswa kuwa na oili.

"Mzee, turbo yako inavuja. Hii inapuliza hewa kwa injini. Ikikufa, gari haina nguvu tena."

"Gari nilibata ikiwa nzima, wallahi," baba akasema kwa Kiswahili chake kisicho na 'p'. "Ugonjwa nimesikia. Niambie dawa."

Dawa ilikuwa mbuzi. Tulikuwa na mbuzi wachache wa nyumbani, na mmoja mmoja wakaondoka. Wawili wakawa koili za plagi. Beberu akawa rejeta mpya ya kupoza injini, kwa sababu ile ya zamani ilizibwa na maji ya chumvi ya kisima, ambayo baba aliyamimina bila hesabu, kama anayenywesha mnyama birikani. Wengine wakawa springi, wakawa pampu ya mafuta, wakawa safari ya fundi kwenda Nairobi kutafuta kitu nisichokijua jina, akarudi nacho na hakikuingia. Nilichukia. Nilisema gari liuzwe hata kwa bei ya chuma. Baba aliniangalia kama mtu aliyesikia mtoto wake akitukana. Mnyama akiugua humtupi akiwa bado amesimama. Unamuuguza, na mvua ikinyesha anakulipa. Hivyo ndivyo alivyoishi, na hakuna aliyemwambia kwamba gari hata likinyeshewa mwaka mzima halizai.

Turbo ilikufa siku ya harusi ya watu. Moshi wa samawati ulijaa barabara nzima, wapiga vigelegele wakageuka wapiga chafya, na bibi harusi akateremka ananuka oili iliyoungua baada ya uturi wote ule. Mjini walicheka hadi tukasikia nyumbani. Baba hakucheka. Fundi alisema turbo nyingine ipo Nairobi, iliyotumika, na alipotaja bei hatukuwa na haja ya kuhesabu. Zizini alibaki mnyama mmoja tu.

Nilimfuata mama jikoni. "Hooyo, usikubali. Huyo ni wako. Ukimtoa huyo tunakula nini?"

Alikuwa anafukiza kibuyu cha maziwa kwa kaa la moto, kama anavyofanya kila siku ili maziwa yasiharibike na yapate harufu nzuri. Hakuinua macho. "Baba yako akikosa hiyo gari," alisema, "atachunga nini?"

Nilitoka jikoni nimekasirika zaidi.

Asubuhi mama alimfungua ngamia. Mjomba alikuwa langoni akisubiri kumpeleka sokoni. Njia fupi ya kwenda langoni haipiti karibu na gari, lakini mama alizunguka na kumpitisha mbele ya baba, taratibu, kisha akasimama naye pale. Baba alikuwa ameinamia injini, kichwa chote ndani. "Msogeze," alisema bila kugeuka. "Ananizibia mwanga." Mama alisimama kidogo tena, ndipo akavuta kamba.

Mjomba alirudi na bei nzuri ajabu. Baba alimshukuru Mungu, akasema soko limeanza kupona.

Turbo ilikuja na gari likatembea. Kwa muda baba alirudi kuwa mtu. Aliamka mapema, alilifuta vumbi, alilisogeza kivulini jua lilipohama. Kisha tukapata safari ya kupeleka mzigo wa shangazi Balambala, nami nikaandamana naye. Kabla ya kufika kijijini tumbo la gari liligonga jiwe, mlio mbaya, na baada ya hapo taa ndogo nyekundu ikawaka mbele ya usukani.

"Aabo, kuna taa."

"Nimeiona. Tumekaribia."

"Ni ya oili. Simama."

"Hapa hakuna kitu. Tukifika kijijini itapumzika."

Alisukuma gari kama alivyosukuma wanyama wachovu miaka yote, kwa sababu anayesimama kabla ya kisima hufia hapo. Injini ilianza kugonga, ikalia kama sufuria zinazokwaruzana, halafu ikakwama na tukasimama na kijiji tunakiona. Baba alishuka, akaweka mkono juu ya boneti, akauondoa kwa joto, akauweka tena. Fundi alikuja kutuvuta hadi nyumbani. Alisema injini imekwisha, hakutaja bei.

Mvua ilirudi msimu uliofuata, tele, hadi barabara zikakatika. Majirani waliokuwa wamesubiri mawingu walibaki na ngamia wachache waliokonda mno, nao wakaanza kuzaa. Mara kwa mara mmoja wao alitutumia maziwa kidogo, maana hakuna anayemwacha jirani bila maziwa wakati wa neema. Nilirudi nyumbani kutoka shuleni siku moja ya mvua, nikamkuta mama anafukiza kibuyu. Kilikuwa kitupu.

"Angezaa mwezi huu," alisema.

"Nani?"

"Wangu. Alikuwa na mimba ya dume la jirani. Kila nikimkaribia aliinua mkia. Mnunuzi aliuona, ndiyo maana alilipa vile."

Hata mtoto wa hapa anajua ngamia akiinua mkia maana yake nini. Baba angeujua gizani. Angetazama mara moja tu, asingekubali auzwe, hata gari lioze. Nilikumbuka mama amesimama pale na kamba mkononi.

"Usimwambie," mama akasema.

Nje baba alikuwa anafunika gari kwa turubai, anavuta pembe zake moja moja zisiingize maji. Alipomaliza aliingia, nguo zimemganda mwilini, akaketi karibu na moto na kuuliza kama maziwa yameletwa.

"Bado," mama akamjibu, akammiminia chai ya rangi.