Sangara Aliyelainishwa

Baba yangu alifua majembe Kisesa maisha yake yote, na sheria yake ilikuwa moja: mhunzi anayejua kazi haachi alama ya nyundo. Jembe likipoa alilipitishia kiganja, na kiganja kikikwama popote, jembe lilirudi motoni. Mimi nimeishi kwa kuivunja sheria hiyo. Katika banda langu hapa Butimba ninafua ndege na samaki wa chuma, na alama ya nyundo ndiyo kazi yenyewe. Majirani wanaona nachezea mkaa. Wanaotaka mageti nawaelekeza kwa jirani yangu, fundi wa kuchomelea, ndiyo maana yeye amejenga na mimi napanga.

Sangara nilimfua kutokana na vyuma vya boti iliyochakaa, akatoka mrefu kunizidi. Kila gamba lake lilikuwa pigo moja la nyundo, chuma kikiwa chekundu. Ukikosea basi, maana pigo la pili hulifuta la kwanza. Bega langu la kulia lilikuwa limeshaanza kugoma. Daktari aliniambia niache nyundo, nikamjibu kwamba nikimaliza samaki huyu nitaacha. Sikuwa natania. Nguvu zote zilizobaki begani nilizimalizia kwa samaki huyo. Mama mmoja anayeandaa maonyesho ya sanaa mjini aliona picha ya sangara, akaahidi kuja, na akimpenda angemweka katikati ya ukumbi.

Kabla hajaja, nilivuka ziwa pale Busisi kwenda kumzika shangazi. Baba, ambaye anaishi kwangu tangu macho yake yaingie ukungu, alibaki nyumbani.

Niliporudi nilimkuta kibarazani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Pole na msiba, mwanangu. Hebu pita bandani, nimekumalizia."

Sangara alikuwa laini kama sufuria mpya. Alikuwa anang'aa rangi ya fedha, ile ya mageti. Hakuwa na gamba hata moja.

Jirani ndiye aliyenieleza, huku anaangalia chini. Baba alikuwa amempapasa samaki akakuta mashimo na matuta kuanzia kichwani hadi mkiani. Alijua bega linanisumbua, akadhani nimeshindwa kumalizia na naona aibu kusema. Basi akamwita jirani aje na grainda. Jirani alisaga, baba akafuata nyuma na kiganja, na kilipokwama alisema, "Rudia hapa." Mashimo yaliyogoma waliyajaza puti ya magari, kisha wakampaka rangi ya mageti. Mzee wa watu alisimama juani siku nzima kwa ajili yangu.

Nilitafuta wa kumkasirikia nikamkosa. Mtu akikumaliza, amekuua, na akikumalizia, amekusaidia. Mle bandani sikuiona tofauti. Nilikaa juu ya kipande cha reli ninachofulia nikalia, kimyakimya, kwa sababu baba haoni lakini anasikia vizuri sana.

Yule mama alikuja kama alivyoahidi. Alimzunguka samaki, akatafuta neno la heshima.

"Kambare mzuri," alisema.

Mtu wa ziwani hahitaji kuelezwa. Kambare ndiye samaki asiye na magamba. Kisha akaniuliza yule sangara wa kwenye picha yuko wapi. Baba alikuwa amekaa mlangoni, fimbo magotini, anasubiri kusikia kijana wake akisifiwa. Nikasema sangara ameshanunuliwa. Mama akasikitika, akaaga, na hajapiga simu tena.

Nimejaribu kufua mwingine. Mkono unafika usawa wa sikio na kugoma, nyundo inaanguka yenyewe. Wanaosema kazi ya mikono haipotei hawajawahi kupoteza mkono. Sasa namshikia jirani vyuma anapochomelea mageti, na jioni nafunga banda bila kuangalia ndani.

Baba anaingia humo kila asubuhi. Anampapasa samaki taratibu kutoka kichwani, kiganja kinateleza mpaka mkiani bila kukwama, na uso wake unafunguka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona nikiwa mtoto ninayejifunza kazi kwake, kwa jembe lolote nililofua.

"Hii sasa imeisha," ananiambia.

"Ndiyo, baba," namjibu. "Imeisha."