Uso wa Felix Kwenye Jani la Gimbi

Ijumaa hiyo Yasinta alitoka nje mara sita kabla ya saa nne kulitazama jua, kana kwamba jua lingeweza kughairi. Kioo cha dirisha bovu kilikuwa palepale juu ya kichanja, kimebanwa kwa vibanio vya nguo, na chini yake karatasi, na chini ya karatasi jani la gimbi. Katika jani hilo, Mungu akipenda, uso wa Felix ulikuwa unajichora.

Felix alikuwa mtoto wa jirani, hapohapo Chilangala. Alifariki mwezi wa pili, na Jumamosi ukoo ungekusanyika kuweka msalaba kaburini. Picha yake ilikuwa moja tu duniani, ile ndogo aliyopiga kwa ajili ya kitambulisho. Mama Felix aliifunga kwenye leso akampa Yasinta kwa mikono miwili. Alikuwa amesikia kwamba Mama Nancy, kama wanavyomwita Yasinta, anaweza kulifanya jani limkumbuke mtu.

Miaka mitatu nyuma kifuniko cha soda kilisahauliwa juu ya jani la boga. Alipokiondoa, duara la kijani lilibaki, na pembeni jani limepauka. Wengine wangepita, yeye alichuchumaa. Tangu hapo ameweka juani funguo, vifungo, kitana cha mumewe, hadi akafika kwenye nyuso. Picha huitoa kopi kubwa Newala mjini, karatasi akaipaka mafuta ya ufuta ili ipitishe mwanga, akailaza juu ya jani siku tatu. Penye wino jani hubaki kijani. Penye weupe jua hula rangi. Majani huyachuma nyuma ya bafu, ambako magimbi hunywa maji ya kuogea. Mumewe, Edmund, humtania kwamba nyumba nzima inaoga ili mama apige picha.

Wiki ile utani ulikwisha. Jumatano asubuhi, jani limeshalazwa, Yasinta alibangua korosho. Alijipaka majivu mikononi kama mama yake na bibi yake, mafuta ya ganda yasimchome. Alipomaliza alinawa kwa sabuni mara mbili, akaichukua picha airudishe kwenye leso. Majivu yalikuwa yametoka. Mafuta yalikuwa yamejificha pembeni ya kucha. Dole gumba likaacha doa la kahawia kwenye shavu la Felix. Alifuta, likatambaa hadi mdomoni. Mafuta yale kila mwanamke wa huku anayajua: yakishika nguo, nguo hiyo ni ya shamba.

Edmund alimshauri anyamaze. Jani likipendeza, alisema, nani ataulizia picha? Siku mbili, kila Mama Felix alipopita na ndoo, Yasinta aliingia ndani.

Ijumaa ile, saa tisa alasiri, hodi ikabishwa.

“Shikamoo, Mama Felix.”

“Marahaba. Nimemfuata mwanangu.”

Yasinta alitoa vibanio kimoja kimoja. Akainua kioo, akabandua karatasi. Felix alikuwepo: nyusi za kijani kibichi, paji la uso la njano, mshipa wa jani umepita katikati kama njia kwenye nywele zilizochanwa. Mama Felix akaziba mdomo kwa kanga.

Hapo Yasinta angeweza kunyamaza. Alikwenda ndani, akaleta leso, akaifungua kando ya jani, akaeleza yote, majivu, sabuni na kucha, bila kuinua macho.

Mama Felix alilitazama doa, kisha jani.

“Jani hili litakaa?”

“Sijui. La kwanza lilikaa miezi minne. Ukiliacha mwangani litafutika.”

“Na picha ndiyo hii.”

“Ndiyo hii, mama. Kopi ipo, itatoa majani mengine.”

Mama Felix alifungua kitabu chake cha nyimbo za kanisani, akalaza jani ukurasa mmoja na picha ukurasa mwingine, akakikumbatia. Akaondoka bila kuaga.

Kwenye magimbi yule mama alisimama. Aliyatazama kidogo, kisha akageuka.

“Korosho zako zimebaki?”

“Debe moja.”

“Jumatatu zilete kwangu, nitabangua mimi. Mikono yako wewe ni ya majani.”