Buji Nne Ndani ya Kopo la Maziwa

Wale mliokuwa watoto katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale miaka yangu mtakumbuka kwamba gari tulilitambua kwa sauti kabla ya kuliona. Tumekaa chini ya turubai la shule, mwalimu anaandika ubaoni, mtu wa nyuma ananong'ona, "Lori la mahindi hilo," mwingine anabisha, na vumbi jekundu likishatufikia tunajua nani ameshinda. Baada ya masomo wavulana walitengeneza magari ya nyaya yenye magurudumu ya kandambili zilizokatika. Sisi wasichana tulikuwa abiria, yaani tulitembea kwa miguu nyuma ya gari. Jioni kambi nzima ilinukia moshi wa kuni na maharage, na mama aliyepika sombe ya majani ya muhogo aliita hata watoto wasio wake.

Baba yangu, ambaye nyumbani tulimwita Papa, alikuwa na gari la kweli: pikapu kuukuu ya petroli, mlango wake mmoja umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Kule Kivu Kusini alikuwa mfugaji. Nakivale hakuwa na ng'ombe hata mmoja, basi akabeba maziwa ya ng'ombe wa wengine. Kila alfajiri alikwenda Endiinzi kuchukua madebe ya mzee Kamugisha, akayafikisha mjini Mbarara kabla jua halijakolea. Kazi hiyo ndiyo iliyomfanya atembee kambini kama mtu anayejua anakokwenda.

Kiangazi kimoja pikapu ilianza kukohoa. Ilifika katikati ya ule mlima wa barabara ya Mbarara, ikatetemeka, ikazima, na maziwa yakashinda juani. Yaliharibika mara ya kwanza, yakaharibika mara ya pili. Mzee Kamugisha, mtu mpole, alikuja mwenyewe nyumbani kwetu, akakaa kwenye kigoda, akanywa chai yote, ndipo akasema, "Sebo, bwana, mimi na wewe hakuna ugomvi. Lakini maziwa ikiharibika tena, mimi natafuta gari ingine."

"Nimesikia, mzee," Papa alijibu. Siku hiyo hakumaliza ugali wake.

Shida ilikuwa kwenye buji, vile vichuma vinavyotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya injini, ambavyo Mbarara wanaviita plagi. Mwezi uliotangulia Papa alikuwa amenunua mpya sokoni kwa kuangalia mng'ao tu, nazo zilishindwa baada ya wiki mbili. Safari hii alitaka kwenda kwa utaratibu. Alizifungua zote nne, akazitia kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, akasema asubuhi tunakwenda Mbarara kwa basi, mimi na yeye. Herufi ndogo zilikuwa zimeanza kumkimbia. Mimi ndiye niliyemsomea kila kitu, kuanzia Zaburi hadi karatasi za mgao. "Weye ndiye macho yangu," aliniambia.

Sasa, mama yangu alikuwa na sheria moja kuhusu Mbarara: mkimbizi haendi mjini mchafu. "Batu ba mu town bataanza kutuangalia ku miguu," alisema, "halafu bapande polepole." Kwa hiyo jioni ile visigino vyangu vilisuguliwa kwa jiwe hadi vikauma, gauni likapigwa pasi ya makaa, na viatu vya Papa nikavipaka mafuta mimi mwenyewe. Nilipomaliza viatu nikafungua kopo. Nilizipanga buji chini kama zilivyotoka kwenye injini, ya kwanza hadi ya nne, nikazitazama moja moja, nikaona aibu. Nikachukua jivu, mchanga na gunzi la mahindi, nikazisugua hadi zikang'aa kama vijiko vya wageni. Hata yale maandishi madogo kwenye sehemu nyeupe yalitoka. Sikujali. Nilidhani nitakayosoma ni ya kwenye maboksi ya dukani.

Fundi Bosko alikuwa na kibanda cha vipuri Mbarara, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Papa aliweka kopo mezani kwa heshima, akalifungua. Bosko akatoa buji moja, akaigeuza, akatoa ya pili. Akavua miwani.

"Mzee, hii plagi nani nasafisha?"

Papa akanigeukia. "Ni weye?"

"Ni miye, Papa. Mama alisema hatuendake mu town na buchafu."

Fundi mwingine aliyekuwa amekaa kwenye tairi akasema, "Bosko, leo wameletea wewe bibi harusi nne," na wateja wote wakacheka. Papa hakucheka. Nilimwona akiziangalia buji zile, nikajua anaona nini: kesho, mlima, na kigoda cha mzee Kamugisha.

"Mimi nasoma ile moshi," Bosko akaeleza, sasa kwa upole. "Nyeusi kavu, petroli ni mingi. Nyeusi ya oili, injini imezeeka. Nyeupe, inachoma sana. Rangi ya biskuti, hiyo ndiyo mzuri. Sasa nyinyi naleta kitabu, yote imefutwa. Nitachagua nini?"

Nilitaka ardhi ya Mbarara inimeze pamoja na visigino vyangu visafi. Lakini Papa aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Uliziona mbele ya kuzisukula," alisema, yaani kabla ya kuziosha. "Sema vile uliona. Usiongeze kitu."

Nikafumba macho, nikaziona tena zimepangwa chini. "Ya kwanza ilikuwa nyeusi, iko na oili mingi. Ya pili vilevile. Ya tatu rangi ya biskuti. Ya ine nyeusi, na oili, na ncha yake imelika."

"Nyeupe hakuna?" Bosko aliuliza.

"Hakuna hata moja."

Mzee yule akarudisha miwani yake. Alishusha boksi la plagi mpya zenye kung'aa, akaiweka moja sambamba na ya kwetu. "Unaona? Uzi yake, hii mistari ya kufungia, ni refu. Ukifunga hii, itagonga pistoni." Akalirudisha, akashusha boksi lenye vumbi, la buji fupi za kawaida, za aina inayokaa na joto zaidi kidogo ili iunguze ile oili. Kisha akachukua kipande cha msumeno wa chuma, akakipitisha kwenye mwanya wa kila buji, akigonga taratibu mpaka kikapita kwa kubana kidogo. "Gari ya zamani haitaki cheche ya kuruka mbali," alisema, akanipa kipande kile niende nacho. "Na wewe, nyabo kidogo, bibie, ukinawa mikono inatosha."

Kesho yake tulikuwa mstarini shuleni tuliposikia injini upande wa mlima. Aliyekuwa nyuma yangu akanong'ona, "Lori la mahindi." Nilikuwa nasubiri ifike pale katikati ya mlima, pale inapokohoa. Sauti ilifika pale, ikapapita, ikaendelea kupanda mpaka ikapotea upande wa Mbarara. Maziwa yalifika. Mzee Kamugisha hakuja tena kwenye kigoda, ila sikukuu, na kibuyu cha samli.

Mimi sasa naishi Mbarara, nami nina gari kuukuu la kwangu. Mwezi huu lilianza kukohoa, nikazifungua buji zake, nikaenda nazo dukani ndani ya kopo langu. Kijana wa pale hakulitazama. Aliniuliza gari ni la mwaka gani, akaiuliza simu yake, akaniletea plagi za kisasa. "Auntie, hizi utasahau kama gari iko na plagi," alisema. Ni kijana mwema, na simu yake huenda inajua mengi. Lakini siku hizi gari la kijana likizima, hafungui boneti. Anafungua mlango, anasimama kando, anapiga simu, anasubiri aje mtu anayejua. Sisi tulifundishwa kutazama kwanza, kwa sababu hapakuwa na wa kumpigia. Mama naye hayupo tena wa kunisugua visigino.

Jumapili, baada ya ibada, nilipeleka kopo Nakivale. Papa anakaa nje mlangoni, macho yake siku hizi yanaona mwanga tu. Alichukua buji moja, akapitisha kidole kwenye uzi, akapima urefu wake kwa kucha, akanusa.

"Umezifuta?"

"Sijazigusa, Papa."

Akanirudishia ile buji, akaegemea ukuta.

"Basi soma," alisema. "Anza na ya kwanza."