Bahasha ya Mechi ya Sita

Clifford Ogden alikuwa fundi wa mashine za kufumia katika kiwanda cha pamba cha Calderby, na kwa mikono ile ile yenye mafuta alitabiri ligi. Kila Agosti gazeti la mpira lilikuja na kadibodi ya ngazi za ligi, pamoja na vipande vya rangi vya kuchomeka kufuata msimamo, kila timu na chake. Wengine vipande vyao vilipotea chini ya makochi kabla ya Krismasi. Kadibodi ya Clifford ilitundikwa jikoni juu ya birika, mvuke ukaikunja pembe zote.

Kabla ya mechi sita humwambii kitu. Wenzake katika kilabu cha wafanyakazi wakianza kushangilia ubingwa baada ya mechi mbili, yeye alishusha bia yake taratibu. "Msimamo wa Agosti ni uongo mtupu, jamani," alisema. Ikishapita ya sita, alikaa na penseli. Nafasi ya sasa ya kila timu aliihesabu mara moja, ya msimu uliopita mara tatu, akajumlisha, akagawa kwa nne. Karatasi ikatiwa kwenye bahasha, ikafungwa kwa gundi, na Arnold Pickup, msimamizi wa kilabu, akaiweka nyuma ya kaunta mpaka Mei. Hakuna aliyeruhusiwa kujua kilichomo, hata mkewe, Mavis. Sheria hiyo aliitunga mwenyewe, na alijivunia kuishika kuliko hata kupatia.

Mavis yeye hakuwa na hesabu. Aliipenda Calderby Town basi tu, akimenya viazi huku redio ikitoa matokeo, na yakiwa mabaya, viazi ndivyo vilivyoona cha moto.

Septemba ya mwaka 1974, Town ilikuwa imeshinda tano na kutoka sare moja. Ilikuwa juu kabisa ya daraja la nne.

"Cliff, mwaka huu utatuweka wa kwanza, si ndiyo?"

"Mwaka jana tulimaliza wa kumi na nane, Mavis. Hesabu haikujui wewe wala skafu yako."

"Wewe nawe! Miaka ishirini na sita naishi na mtu mwenye moyo wa penseli. Mara moja tu, nifurahishe."

Mavis alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Kifua chake kilikuwa kimejaa vumbi la pamba la miaka mingi aliyofanya kazi kiwandani, na daktari alikwisha kumwambia Clifford pembeni kwamba hali si nzuri.

Jioni hiyo hesabu ilitoa kumi na nne. Clifford aliitazama, akaifuta, akaandika Calderby Town juu kabisa ya karatasi. Aliona haya kama mtu aliyeiba, na wakati huo huo alifurahi. Akaipaka bahasha gundi, akampelekea Arnold.

Februari, akiwa amelala hospitalini, Mavis alimshika mkono. "Ulituweka wapi, Cliff?"

Neno lilimfika mdomoni. Lakini aliwaza siku ile ya Mei, kilabu kizima kikishuhudia, na Mavis akirusha skafu. "Mpaka Mei, mama," alisema. "Unaijua sheria."

"Mwanamume mgumu wewe," alisema Mavis, akatabasamu, akafumba macho. Baada ya siku kumi na moja alifariki. Town ilikuwa ikicheza ugenini siku hiyo, ikafungwa.

Mei, Arnold alichana bahasha mbele ya watu wote. Town ilikuwa imemaliza ya kumi na nne, sawasawa na ile hesabu aliyoifuta.

"Wa kwanza!" Arnold aliangua kicheko. "Cliff, penseli yako ililewa?"

Wakamcheka mpaka meza zikatikisika. Naye alicheka, akaiomba ile karatasi, akaenda nayo nyumbani. Alikaa jikoni chini ya kadibodi, akaisoma kwa sauti mara mbili, polepole, kama anamsomea mtu. Uchungu wake haukuwa wa kukosea. Alijua kwamba neno moja tu lingemfurahisha Mavis, na yeye alikuwa nalo tangu Septemba.

Msimu uliofuata, baada ya mechi ya sita, Arnold alinyoosha mkono kupokea bahasha. Clifford akampa karatasi ya utabiri bila kuifunga.

"Na bahasha?"

"Hakuna bahasha," alisema Clifford. "Wasomee sasa hivi, wote wapo."