Pikapu Iliyompeleka Zadock Pap Onditi

Rosa alirudi kutoka hospitalini Jumanne asubuhi akiwa ameshika viatu vya mumewe, kaka yangu. Nilikuwa nafua uani kwao Nyamasaria. Nilivitazama vile viatu, naye akasema, "Dorca, Zadock ametuacha. Saa kumi na moja." Akaketi juu ya jiwe la kufulia, nami nikaketi kando yake, povu likiwa bado mikononi. Ilikuwa Agosti 1992. Homa ilimpanda kichwani, ikamchukua kwa siku nne. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu.

Zadock alikuwa karani wa stoo kiwandani. Ufundi hakuusomea popote. Mwaka 1981 alinunua pikapu ambayo tayari ilikuwa imechoka, na kwa kuwa hakupenda kuiacha gereji siku nzima, alijifunza kuitengeneza mwenyewe uani. Nilipomaliza kidato cha nne nilikuja kukaa kwao, na kila baada ya miezi michache, pointi zinazokata umeme wa plagi zikiisha, aliniita Jumapili baada ya chai tuweke taiming, yaani cheche ya plagi ije kwa wakati wake. Kazi yangu ilikuwa kushika balbu ndogo yenye nyaya mbili.

"Imewaka?"

"Bado."

"Wewe unaniambia bado na umefunga macho. Unaombea chakula?"

Pikapu hiyo ilibeba wafu wengi. Mtu wa Nyalenda akifiwa na hana njia ya kumfikisha marehemu kwao, kanisa lilimwita Zadock, naye hakuomba chochote ila petroli. Siku moja, akirudi kutoka kupeleka maiti Seme, alimwambia Rosa mbele yangu, "Siku yangu ikifika, msinitafutie gari la watu. Hili limezoea kazi hiyo." Rosa alimkemea. Lakini baada ya ile Jumanne ndilo jambo pekee alilotuomba: Zadock aende nyumbani Pap Onditi kwa pikapu yake.

Sasa, kwetu kila mtu anajua kwamba kwenye matanga gari la marehemu halipumziki. Huyu anakwenda kuchota maji, yule kuleta kuni, mwingine anamfuata shemeji Ahero, na siku ya mazishi ikifika gari nalo limekufa. Kaka yetu mkubwa, Joram, ambaye ni mwalimu, aliliona hilo mapema. Zadock alipoogopa wezi alikuwa akitoa rota tu, kile kidude cha ukubwa wa kidole gumba kinachozunguka ndani ya distributa inayogawia plagi umeme, akakitia mfukoni, na gari halikuwaka. Joram hakujua. Jumanne hiyo hiyo alifungua boneti, akang'oa distributa nzima, akaifunga kwa taulo na kuifungia sandukuni.

"Tuone nani ataiendesha," alisema.

Ni kweli, hakuna aliyeiendesha. Ijumaa mchana Joram aliirudisha distributa kama alivyoona inafaa, akawasha gari. Injini ilikohoa, kisha ekzosi ikapiga mlio kama bunduki. Waombolezaji waliokaa chini ya turubai wakasimama wote. Mama mmoja jirani akasema, "Mwenyewe amekataa."

Joram akamtafuta Bwana Gichuki, aliyekuwa na duka la spea mjini na aliyemuuzia Zadock pointi kwa miaka mingi. Gichuki aliinama akatazama.

"Mwalimu, uliweka alama kabla ya kutoa?"

"Alama gani?"

Gichuki alijikuna shingo. "Mimi nauza spea tu. Aliyekuwa anafunga ni Zadock. Hapa taiming imepotea."

Saa zilikuwa zimekwenda, na fundi wa gereji asingefika kabla ya jioni. Sisi ni watu wa Sabato, na jua likishatua Ijumaa hakuna ambaye angeshika spana wala kumwajiri fundi. Jumapili asubuhi mapema tulitakiwa mochari. Kulikuwa na mwenye lori la kukodi aliyetaka jibu kabla ya jioni, na Joram alisema hana budi kumkubalia. Rosa alisikia, akaingia ndani. Nilimkuta amekaa kitandani.

"Kama ni lori, basi ni lori," alisema, bila kunitazama.

Nikatoka nikamwomba Bwana Gichuki spana ya plagi.

"Wewe, dada?"

"Nimemshikia balbu miaka minane."

"Kushika balbu si kufunga gari."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba usiondoke."

Nilitoa plagi ya silinda ya kwanza, nikaziba tundu kwa kidole gumba, Gichuki akazungusha injini polepole kwa hendeli. Alama iliyo kwenye puli, lile gurudumu la mbele ya injini, ilifika mahali pake, lakini kidole hakikusikia kitu. Hapo nikakumbuka Zadock akinieleza kwamba alama hufika mara mbili, na cheche huhitajika mara moja tu, pale injini inapobana hewa.

"Zungusha tena."

Mara ya pili hewa ilikisukuma kidole changu kwa nguvu. "Hapo. Simama hapo."

Tukairudisha distributa, rota ikielekea waya wa silinda ya kwanza. Waya mmoja wa balbu nikaugusisha kwenye distributa, wa pili kwenye chuma cha injini, nikampa Joram aitazame. Nikaanza kuizungusha distributa kidogo kidogo.

"Imewaka?"

"Bado. Bado. Imewaka… ilikuwa imewaka zamani kidogo."

"Mwalimu," Gichuki akasema, "hapa hakuna zamani. Sema ikiwaka."

Niliizungusha nyuma nikaanza upya. Jua lilikuwa juu ya mapaa. Nilimwomba Mungu kimoyomoyo, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya yule aliyekaa kitandani. Joram akasema, "Imewaka," safari hii kwa wakati, nikakaza nati.

Tulimwita Rosa awashe. Injini ilishika mara ya pili, ikatulia. Gichuki akapakia waombolezaji wanane, akichagua wanene ili aijaribu kwa mzigo, akaenda nao barabarani na kurudi. "Inagonga kidogo ukikanyaga," alisema. "Kama kokoto ndani ya debe." Nikaizungusha distributa nyuma kwa upana wa ukucha. Wakaenda tena. Haikugonga. Joram alimtuma kijana akamwambie mwenye lori kwamba hatumhitaji, na jua likatua tukiwa tunanawa mikono.

"Kumbe ningetoa rota tu," Joram aliniambia nilipomweleza alivyofanya Zadock.

"Ungeniuliza."

Alicheka, mara ya kwanza tangu Jumanne.

Sabato tulisali. Jumapili tuliweka jeneza kwenye pikapu. Gichuki aliendesha, Rosa akakaa mbele, mimi na Joram nyuma kando ya jeneza. Tulipita Ahero na Katito bila kusimama. Karibu na Pap Onditi watu walitupokea barabarani kwa nyimbo za kanisa, wakatembea mbele ya gari hadi bomani.

Zadock alilala usiku mmoja nyumbani kwake. Jumatatu saa saba mchungaji alisoma habari za waliolala katika Yesu, akasema Zadock aliwafikisha wengi kwao na leo naye amefika. Tulimzika upande wa kulia wa nyumba yake. Rosa alitupa udongo kwanza, kisha mwanawe Ochieng, kisha Joram, kisha mimi. Vijana walijaza kaburi kwa majembe. Mchungaji aliomba, tukaimba wimbo mmoja, na kufikia saa tisa kazi ilikuwa imekwisha.