Nilimpigia Goti Mzee wa Ndani ya Casque

Ndiyo, ni mimi, yule msichana wa mtaa wa Ruashi aliyemvuta inspekta tai mbele ya darasa zima, na kwa kuwa kila mtu anakisimulia kisa hiki anavyotaka (wengine wanasema hata nililia, uongo), leo nakisimulia mwenyewe, nikimaliza mnyamaze.

Wageni walikuwa wametuletea shuleni casque, vitu vya kuvaa usoni, vizito kama kinyago cha mchomeleaji vyuma, ukivaa huoni darasa tena, unaona dunia nyingine imekuzunguka pande zote. Siku ile inspekta wa shule alikuja kuamua kama zibaki kwetu au zipelekwe kwingine, na Madame wetu wa sayansi, ambaye alituchorea volkano kwa chaki mpaka tukadhani volkano ni kitu cheupe, alizitaka sana.

Akanichagua mimi nivae mbele ya inspekta. Mimi, ambaye hata jina langu likiitwa nainua kidole tu.

"Madame, Kalenga aende," nikamnong'oneza.

"Kalenga iko na kelele mingi. Weye unaangaliaka muzuri. Kuya."

Fundi aliyekuja na casque akanifunga mkanda nyuma ya kichwa, akasema, "Ufanye sawa vile uko kule kweli." Yakumbukeni maneno hayo.

Nikajikuta juu ya mlima, chini yangu shimo jekundu linachemka, mapovu ya gesi yanasukuma juu mawe yaliyoyeyuka, na mbele yangu mzee mwenye mvi, amevaa buti, akasema bonjour, akaninyooshea mkono. Sasa niambieni, nyinyi mliolelewa vizuri, mzee kama huyo akikunyooshea mkono utafanya nini? Nilipiga goti, nikashika kifundo cha mkono wa kuume kwa mkono wa kushoto kama mama alivyonifundisha, nikasema, "Jambo yenu, muzee."

Darasa likaangua kicheko. Nikadhani wananicheka kwa sababu sijaupata mkono wa mzee (kweli, kila nikishika ni hewa), basi nikasogea kwa magoti, nikanyoosha mkono zaidi, nikapata kitu, kitambaa laini, nikakitikisa kwa heshima zote. Ilikuwa tai ya inspekta, ambaye alikuwa ameinama kuniangalia kwa karibu.

"Mutoto, unaninyonga," sauti ikasema.

Madame akanivua casque haraka. Kalenga huko nyuma: "Anasalimia mupepo! Mama Jambo!"

Inspekta akanyoosha tai yake. "Madame, hii kintu inachanganya batoto. Banapiga magoti mbele ya picha." Akachukua mfuko wake aondoke.

Madame alikuwa anazungusha ule mkanda mikononi tu, na mimi bado niko chini, na sijui sauti ilitoka wapi, nikasema nikiangalia viatu vya inspekta, "Bananiambia nifanye sawa vile niko kule. Nilikuwa kule. Majiwe inayeyuka, iko na gaz ndani, ile gaz njo inaisukuma mpaka juu. Ku tableau ya chaki sikuonaka ile. Na ule muzee njo alianza kunisalimia."

Inspekta akanitazama. Akaweka mfuko chini.

"Leta hapa," akamwambia fundi, akavaa mwenyewe.

Aligeuka huku, akageuka kule, akachungulia chini, akarudi nyuma kwa woga. Halafu tukaona, sote tuliona, mkono wake wa kushoto unashika kifundo cha mkono wa kuume, na magoti yake yanapinda kidogo.

"Jambo yenu, muzee," akasema taratibu.

Hakuna aliyecheka. Hata Kalenga.

Casque zilibaki kwetu. Jina la Mama Jambo nalo lilibaki, wananiita hivyo hata sokoni, lakini inspekta hakuna anayemwita Baba Jambo. Basi msitegemee niape kwamba sitapiga goti tena. Mzee akininyooshea mkono, awe wa mtaani, awe wa ndani ya casque, nitapiga. Ninachoapa ni kimoja tu: kabla sijafungwa mkanda ule, nitauliza nani hapa amevaa tai, na asimame mbali.