Mtazamaji wa Saa Kumi

Kama umewahi kulalia kitanda kilichotengenezwa Mashimoni, Kibera, kisilie hata ukigeuka mara kumi, huenda ni cha Mukhwana. Mimi hunoa misumeno. Natoka Kawangware kwa miguu na tupa zangu kwenye mfuko, na kwake hupita kila Jumanne. Kwa hivyo haya nayasema kwa kuyaona, na pale ambapo sikuona nitasema sikuona.

Mukhwana ni fundi mkimya. Alikuja Nairobi kutoka Bungoma akiwa kijana, akaoa Rosebella, wakapata binti mmoja, Mitchelle, ambaye sasa ameolewa huko Ayany. Rosebella aliimba kwaya. Alikuwa na ile sauti ya kumfanya mtu anayepita na mtungi wa maji autue kwanza. Alifariki mwaka juzi, akazikwa nyumbani. Sauti yake ilibaki mahali pamoja tu: video ya kwaya yao ikiimba siku ya mavuno. Simu iliyoirekodi iliibwa, na wengine waliotumiwa walishaifuta ili wapate nafasi, ikabaki kwa simu kuukuu ya Mukhwana iliyokuwa karibu kufa. Mukhwana mwenyewe hakuwa ameitazama tangu mazishi. Alisema anangoja moyo ukae.

Ili isipotee, alijenga mashine. Huko Kawangware kuna mama mmoja, Gathoni, anayefufua kompyuta zilizotupwa na maofisi. Alimpa Mukhwana moja iliyochakaa, pamoja na flashi yenye Linux, mfumo ulioandikwa na watu wengi wa dunia hii wakauacha bure kwa yeyote. Mukhwana alifika darasa la saba tu, lakini aliusimika mwenyewe, akisoma neno moja moja kama mtu anayevuka mtaro juu ya ubao mwembamba. Kisha akaweka programu ya kupanga video, ambayo mtu huifungua kwa simu yake kupitia waifai ya pale nyumbani, bila bando. Akaichongea mashine sanduku la mvule lenye matundu ya kupumulia. Majirani wakaleta video zao zihifadhiwe humo: harusi, ubatizo, na nyingi zaidi za mazishi, maana si kila mtu hupata nauli ya kwenda kuzika.

Programu hiyo hutaka jina la kila mtu wa nyumba. Mukhwana aliandika la mkewe kwanza.

Gathoni alipokuja kukagua, na hilo sikuliona, alinisimulia yeye, akaliona. "Mzee, si huyu alienda?"

"Alienda, lakini hajahama. Sijamfanyia ibada ya ukumbusho. Kwetu mtu hatolewi kwa nyumba kabla ya hiyo."

"Haya. Ukitaka tumwekee na paswadi, asiibiwe."

Mukhwana alicheka kidogo. Paswadi hakuweka.

Kuna ukurasa ambao mwenye mashine huona nani anatazama nini. Jumanne moja, saa kumi alasiri, nikiwa mlangoni na msumeno magotini, Mukhwana akanigeuzia simu ghafla. Palikuwa na mstari mmoja: Rosebella, anatazama, Kwaya Siku ya Mavuno.

"Ni watoto," nikasema.

Akaenda kumwuliza Sella Wekulo, jirani anayeuza maji kwenye kioski hapo nje, ambaye wajukuu zake hushinda kwenye katuni za mashine hiyo.

"Baba Mitchelle, hao wako shule," Sella akasema. "Na simu yangu ndiyo hii, imezima tangu asubuhi. Unataka kuninusa mkono kama mwizi?"

Kesho yake saa kumi, mstari ulirudi. Na keshokutwa. Ya siku hizo niliambiwa, sikuyaona. Mukhwana akamwita Gathoni, naye akaja na mazoea yake ya kupuuza mambo. Alizima waifai. Simu zote za ploti, nyumba zote za uani pale, zikakatika. Akaunganisha kompyuta yake kwa waya, akafungua ukurasa ule. Rosebella bado alikuwa anatazama.

"Hakuna simu hapa," Gathoni akasema taratibu. "Inasema anayetazama yuko kwa hii mashine yenyewe."

"Mashine haina kioo. Haina hata spika."

"Najua haina, mzee. Niliitoa mimi."

Alisema huenda ni kazi iliyokwama ndani, mashine inajisomea. Mukhwana akamwuliza kwa nini basi ijisomee kwa jina la mke wake. Gathoni akaanza kukunja waya.

Wiki iliyofuata nilikuta mashine ina sauti mpya. Tik. Tik. Kimya, halafu tik. Gathoni alikuwa ameitwa haraka, ameinamisha sikio kwenye sanduku la mvule.

"Hii diski inakufa. Zima sasa hivi, nihamishe vitu kwa diski mpya. Kila saa ukiiacha hivi inajikwaruza. Video ya mama utaisahau."

"Siwezi kuzima," Mukhwana akasema. "Anatazama."

Na kweli. Tangu jana yake Rosebella hakuwa anangoja saa kumi. Mstari ule ulikuwepo asubuhi, ukawepo adhuhuri, video ikifika mwisho na kuanza tena.

"Mzee, unanisikia? Ukimwacha atazame, hakutakuwa na cha kutazama."

"Na nikimzimia katikati, nitakuwa nimefanya nini?"

Nikaendelea kunoa. Sella ndiye aliyesimama mlangoni, mikono imelowa maji ya kioski.

"Ukihamisha vitu vya mtu unamwambia," akasema. "Hata mpangaji huambiwa. Mwambie, halafu uzime. Umekaa hapo kama umekosana naye."

Tukatoka nje sote watatu. Mukhwana akavuta kigoda hadi karibu na sanduku. Aliongea Kibukusu, sauti ya chini, muda mrefu. Mimi nilisikia tu "Mama Mitchelle", mara nyingi, kama mtu anayeomba apishwe njia. Gathoni alikuwa ameshika kompyuta yake, macho kwenye ukurasa. Tik ilikuwa inakuja karibu karibu sasa.

Kisha mstari ukaondoka, video ikiwa dakika ya ishirini na tatu. Hakuna aliyegusa kitu.

"Zima," Gathoni akasema.

Kuhamisha kulichukua tangu mchana hadi jua linashuka. Harusi mbili zilipotea, na mazishi ya shemeji yake Sella. Video ya kwaya ilitoka nzima. Diski ya zamani ilipiga mara moja ya mwisho na haikuamka tena. Gathoni akasimika mfumo upya kwenye diski mpya, kila kitu kutoka mwanzo, kisha akauliza majina.

"Andika mimi," Mukhwana akasema.

"Na mama?"

"Mama nimemruhusu aende. Tutafanya ukumbusho mwezi wa Agosti."

Likaandikwa jina moja. Gathoni akaniambia njiani tukirudi Kawangware kwamba hatachukua tena kazi ya nyumba ile, halafu akabadilisha mazungumzo hadi tukaachana.

Jumanne iliyofuata Mukhwana alinisimulia yaliyobaki, kwa hivyo hili sikuliona. Moyo ulikuwa umekaa, alisema. Akafungua video kwa simu yake, kwa jina lake, kwa mara ya kwanza. Diski mpya, mfumo mpya, hakuna mtu aliyewahi kuicheza hapo. Kabla haijaanza, programu ikamwuliza kama anataka kuendelea alipoachia, dakika ya ishirini na tatu.

"Ukabonyeza nini?" nikamwuliza.

"Ndiyo. Ningemrudisha mwanzo kwa nini?"

"Na ukamsikia?"

"Nilimsikia. Anaimba vizuri." Akanipa msumeno, meno yakiwa yamelala kabisa. "Huu nao uanzie hapa kwa mpini, ndipo umekuwa butu zaidi."